Hisa Sitini za Mama Achol

Kakuma One,
16 Aprili 2012

Kwa Mwalimu Ekwam,

Ejok, nakusalimu kwa Kiturkana chenu. Nimekupigia simu mara sita tangu Jumamosi, na kila mara yule msichana wa kampuni ananiambia mteja hapatikani. Basi naandika. Karatasi haiishiwi na chaji. Anayekuletea ni Longor, dereva wa Probox ya kijani, na nimemwambia asikuachie bahasha mpaka akuone kwa macho yake.

Habari ya mafuta imefika huku. Tangu mwezi uliopita watangaze kwamba yameonekana upande wa Lokichar, kila mtu Kakuma amekuwa mhandisi. Ijumaa kwenye foleni ya mgao wa chakula kijana mmoja alikuwa anauza fomu za hisa za kampuni ya mafuta, fomu zenyewe zimepigwa kopi mpaka mhuri umekuwa doa. Nikamsikia akisema, "Hata walimu wa Lodwar wamehamisha pesa zao zote." Mwalimu wa Lodwar ninayemjua mimi ni mmoja.

Ekwam, nakuuliza waziwazi: hisa zangu ziko?

Nakukumbusha, maana binadamu husahau mambo ya wenzake upesi. Mwaka 2009 niliuza mashine yangu ya kusaga. Majirani wakanicheka, hata baba yake Achol akasema nimerogwa. Pesa yote nikakukabidhi mkononi, kwa sababu kadi yangu ya mkimbizi haifungui akaunti ya hisa na kitambulisho chako kinafungua. Ulisafiri hadi Nairobi kwa yule dalali, Chelangat, mwenye wenzake Ulaya, akatununulia hisa sitini za Brennwald, kampuni ya mizani ya Uswisi. Jina ni lako. Hisa ni zangu, na nimemwekea Achol. Mwaka 2026 atakuwa na miaka ishirini. Siku hiyo asiwe amesimama juani na kadi ya mgao mkononi kama mimi mama yake. Sina shamba, sina pasipoti, hata nyumba ninayolala ni ya shirika. Kitu changu duniani ni hicho kimoja.

Na sikukichagua kwa ndoto. Nimesimamia mizani za mgao miaka kumi na moja. Kila asubuhi nazijaribu kwa mawe ya mizani kabla unga haujaanza kutoka, kwa sababu zikidanganya nusu kilo tu, saa nne watu wamevunja uzio. Ni za Brennwald zote. Hospitali ni hizohizo, soko la mbuzi ni hizohizo. Kila miezi sita fundi wao anakuja kuzikagua, na shirika linamlipa yeye kabla ya kutulipa sisi. Wakipandisha bei hakuna anayebisha. Nani atathubutu kuleta mizani asiyoijua mbele ya watu elfu sita wenye njaa? Hawana madeni. Faida nyingi wanairudisha kazini. Nimesoma ripoti zao za mwaka, Kiingereza kigumu, kamusi pembeni, mpaka macho yakaniuma. Kampuni ya namna hiyo mtu haiuzi eti kwa sababu jirani amechimba shimo.

Nijibu. Na unitumie ile karatasi ya akaunti inayoonyesha hisa ni ngapi.

Ni mimi,
Ayak Deng (Mama Achol)


Lodwar,
5 Mei 2012

Mama Achol,

Ejok nooi, na pole kwa presha. Longor alinikuta darasani, akanitoa nje mbele ya kidato cha tatu, akanikodolea macho kama polisi, ndipo akanipa bahasha. Sasa shule nzima inajua nina kesi na mwanamke wa Kakuma. Mke wangu Nangiro amecheka mpaka akakaa chini.

Hisa zako ziko. Zote. Sijauza hata moja na sijafikiria kuuza. Mimi ni mtoto wa Namoruputh. Baba yangu alimchungia rafiki yake wa upande wa Uganda ng'ombe miaka tisa. Wavamizi wakaja, ukame ukaja, na siku mwenyewe alipojitokeza ng'ombe walihesabiwa mbele yake mmoja mmoja, wakatimia. Leo mimi nishindwe na karatasi sitini ambazo hazihitaji hata maji? Umenikosea, lakini nimemeza, kwa sababu wewe ni dada yangu tangu tulipokaa dawati moja sekondari pale Kakuma, ukinakili hesabu zangu na kuniambia mwandiko wangu mbaya.

Ni kweli Lodwar imeingiwa na wazimu. Magari makubwa meupe yamejaa, vyumba vya hoteli hakuna, wageni wanalala hadi Eliye Springs, kule ziwani, na kuja mjini asubuhi. Mzee aliyekuwa akiuza makaa juzi, leo ni wakala wa ploti na ana briefkesi. Mwalimu mwenzangu mmoja ameuza pikipiki anunue hisa za mafuta, sasa anakwenda kazini kwa miguu akitabasamu. Mimi natazama tu.

Ila nikwambie ukweli: Ulaya kuna matatizo, Wagiriki wanadaiwa, na bei ya Brennwald imeshuka kidogo. Chelangat alinipigia kuuliza kama tunakaa au tunatoka. Nikamwambia tunakaa. Nilimjibu hivyo kabla barua yako haijafika, bila kusukumwa na mtu.

Ile karatasi nitakutumia. Printa ya shule imekufa.

Msalimie Achol.

Ekwam Lokwang


Kakuma One,
12 Februari 2013

Mwalimu,

Leo sikusalimii. Salamu zangu za miezi tisa umezikalia.

Mwezi wa tisa huu printa yenu imekufa. Hata mtu akifa huzikwa, ninyi yenu bado mnakesha nayo matangani? Nilikuomba karatasi moja. Nikakuomba tena Agosti kwa mdomo wa Longor, ukasema umebanwa na mitihani. Desemba ukasema shule imefungwa. Sasa naambiwa mambo ya uchaguzi. Ukimaliza uchaguzi utaniambia mwezi umepatwa.

Na Longor, ambaye Mungu hakumpa kifuniko cha mdomo, ameniambia umenunua ploti Lokichar. Nikamuuliza, kwa pesa gani? Akacheka, akasema mambo ya walimu ni siri.

Sikiliza. Juma lililopita fundi wa Brennwald alikuja kukagua mizani. Nilimhoji kama kawaida yangu nikimshikia ngazi: mwaka huu mizani ngapi zimerudishwa mbovu, mmefungua karakana nchi gani, mkubwa wenu amekopa au hajakopa. Mzee wa watu anacheka, anasema mimi ni mbaya kuliko wakaguzi wao. Akasema mambo ni mazuri, India wamefungua, Brazili wamefungua, na gawio, ile faida wanayowagawia wenye hisa kila mwaka, limepanda mwaka wa tatu mfululizo. Nikarudi nyumbani nikakaa na kalamu. Zile sitini, gawio la miaka mitatu likirudi kununua nyingine, sasa zinafika sitini na nne, labda na tano. Kwako hisa nne ni kitu kidogo. Ipe miaka kumi na mitatu iliyobaki, uone zitazaa nini. Mimi nimeziona. Achol ana miaka saba na amejua kusoma, na namsomea hesabu hiyo kama watu wengine wanavyowasomea watoto wao hadithi.

Nataka karatasi. Nisipoipata kabla ya siku ya kupiga kura, nitajua umeziuza ukaingia kwenye mafuta, na nitalisema hilo kanisani kwenu kwa kipaza sauti.

Ayak


Lodwar,
1 Machi 2013

Mama Achol,

Hii hapa karatasi yako. Nimeitoa saiba ya mjini, pale kwenye kompyuta za kulipia, kurasa mbili, nimelipa mwenyewe.

Soma ukurasa wa kwanza. Sitini. Si hamsini na tisa. Na ile bei iliyokukosesha usingizi imepanda tena, kila hisa sasa ina thamani karibu mara moja na nusu ya ile uliyonunulia. Miaka mitatu unusu nimekuchungia bila kuguswa na Wagiriki, bila kuguswa na mafuta, walimu wenzangu wakinicheka hapa stafurumu, na malipo yangu ni kutishiwa kanisani na kusemwa na dereva.

Ukimaliza kusoma, nataka uniombe msamaha. Uandike kwa herufi kubwa, maana macho yangu yameanza kuchoka na barua zako.

Ekwam


Kakuma One,
9 Machi 2013

Wewe Ekwam!

MSAMAHA GANI? Hizo hapo herufi kubwa ulizotaka.

Sitini mwaka 2009. Sitini mwaka 2013. Kwani ni tasa? Nimeisoma karatasi yako nikiwa nimesimama kwenye ua wa mgao, na msaidizi wangu Gatluak akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo.

Umenionyesha ukurasa wa kwanza kwa kidole, ukasahau wa pili. Au ulidhani mtu wa kambini husoma ukurasa mmoja tu akashiba? Ukurasa wa pili unasema hivi: gawio la 2010, limelipwa. La 2011, limelipwa. La 2012, limelipwa. Limelipwa kwa nani? Kwa akaunti ya benki ya Ekwam Lokwang, Lodwar. Mara tatu! Halafu ukanikalia kimya miezi tisa na hadithi za printa.

Nilikuwa nimejiandaa kwa habari ya mafuta. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kukuambia ukiwa umeuza. Hili sikuliwaza hata kidogo. Hukuziuza, umezila zikiwa hai!

Unajua mpango wote ulikuwa nini? Kuna watu hununua hisa leo, zikipanda wanauza, wanakunywa, wanarudi kuanza upya. Mimi sikutaka kupanda na kushuka na mtu. Nilitaka kitu kizuri kimoja, nikiache, na kila kinachozaliwa kirudi ndani kizae tena. Hiyo ndiyo kazi yote. Hakuna ujanja mwingine. Mtu akitoa kinachozaliwa, hakuna mpango tena, kuna sitini tu zimekaa kama mawe. Na mwaka 2026 nitamwambia Achol nini? Mama alikuwekea, ila mjomba alikuwa na kiu?

Sina neno lingine la kukuita. Ni mwizi. Nimeliandika kwa wino mwekundu ili usiseme hukuliona.

Ayak Deng


Lodwar,
1 Aprili 2013

Mama Achol,

Nimeisoma barua yako mara tatu. Umeniita mwizi, kwa wino mwekundu, kama mtoto aliyefeli. Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyeniita hivyo, na nimewahi kukaa na watu wabaya.

Sasa unisikilize wewe. Wewe ni Mdinka, mimi ni Mturkana, na jambo hili wote wawili tulilijua kabla hatujajua kusoma. Mtu akikuachia ng'ombe umchungie, ng'ombe ni wake na maziwa ni yako. Halisemwi. Haliandikwi. Mwenye ng'ombe akija akakuta watoto wa mchungaji wanalia kando ya ng'ombe mwenye kiwele kimejaa, atamwona huyo mchungaji ana wazimu. Baba yangu aliwakamua wale ng'ombe wa rafiki yake miaka yote tisa. Mimi nimekua kwa maziwa hayo. Na mwenyewe alipokuja kuwachukua alimshukuru, akampaka mafuta ya baraka mabegani.

Gawio ni nini? Ni kitu kinachomtoka mnyama na mnyama asipungue. Zilikuwa sitini, ziko sitini, na zimenenepa. Nani alizitunza? Nani alijaza fomu za kodi? Nani alipokea simu za Chelangat Ulaya ilipotikisika? Na serikali ingeuliza pesa ya mkimbizi imefikaje Uswisi, ingemshika nani? Jina langu. Shingo yangu. Hukuwahi kusema kazi hiyo italipwaje, nami sikuuliza, kwa sababu nilijua. Nikadhani nawe unajua.

Kumbuka vizuri siku ile 2009. Kuhusu gawio hukutamka lolote. Uliniambia, "Usiuze mpaka Achol akue." Sikuuza.

Kwa hiyo lile neno ulirudishe. Mpaka ulirudishe, mimi na wewe hatuna salamu.

Ekwam Lokwang


Kakuma One,
10 Aprili 2013

Silirudishi.

Ala! Mimi unifundishe ng'ombe? Mimi nimezaliwa Bor, nimelala kwenye jivu la samadi kando ya ndama mpaka siku tulipokimbia. Najua maziwa ni ya nani. Najua pia kile ulichokiruka makusudi: ndama ni wa nani? Mbona hapo kalamu ilikauka? Ng'ombe akizalia kwako, ndama ni wa mwenyewe, hata azaliwe kitandani pako. Baba yako angechinja ndama mmoja tu wa yule rafiki yake, asingepakwa mafuta, angechomwa mkuki.

Maziwa ukiyaweka kibuyuni yanaganda, basi. Hayazai. Gawio likirudi linanunua hisa, na hiyo hisa mwaka unaofuata inaleta gawio lake, nalo linanunua nyingine. Kitu kinachozaa ni ndama, Mwalimu. Wewe umekuwa unachinja ndama kila mwaka, halafu unanisimamisha mbele ya mama zao na kuniambia hesabu imetimia. Na ni wewe unayefundisha riba juu ya riba ubaoni! Watoto wa watu wanafeli kwa sababu hiyo.

Ndiyo, sikutamka gawio siku ile. Hilo nalikubali na linanikera mpaka leo. Niliona halina haja.

Nikwambie kinachonichoma zaidi ya hizo hisa nne. Shirika ndilo linaloamua nile nini na kilo ngapi. Ofisi ndiyo inayoamua kama nitapata barua ya ruhusa ya kufika Lodwar au nikae. Watu nisiowajua majina wanakaa Nairobi wanaamua kama mimi ni wa kupelekwa Amerika au wa kuoza hapa. Kitu kimoja nilikiamua mwenyewe, kwa akili yangu, kwa macho yangu, kwa jasho langu. Nawe ukaja kuniamulia hicho pia.

Nimemwandikia binamu yangu Aluong, yuko Melbourne. Ana pasipoti. Akikubali, nitamwambia Chelangat zihamie kwa jina lake, na wewe ukatafute ng'ombe mwingine.

Ayak


Lodwar,
28 Aprili 2013

Mama Achol,

Mimi ni Nangiro, mke wa Mwalimu. Hatujaandikiana. Mimi si mtu ya kuandika, nilifika darasa la saba, kwa hivyo univumilie. Mwalimu hajui. Barua zako ziko chini ya godoro, nimesoma yote.

Nataka kukuambia kitu yeye hawezi kusema, juu anaogopa aibu kuliko anaogopa njaa.

Ile gawio ya kwanza alinunua redio na viatu. Ya mwaka jana alilipa mtu, ati ploti ya Lokichar. Ploti hakuna. Tulienda kuona, tukapata mwanaume mwingine ako na karatasi ya hiyo ploti, na mama mwingine pia ako nayo. Tukasimama hapo kwa mchanga wote, tunaangaliana tu. Hiyo niligombana na yeye mimi mwenyewe, usijali, alilala kwa shule siku mbili.

Lakini ya 2011 usiite wizi. Unakumbuka hiyo mwaka? Namoruputh mbuzi ilikufa mpaka fisi ikachoka kula. Mama yake Mwalimu alikuja hapa kwa miguu na watoto saba ya ndugu yake. Tukawa watu kumi na mbili kwa vyumba mbili. Mshahara inaingia, tarehe kumi imeisha. Tulikuwa tunachemsha matunda ya mikoma. Mtoto yangu ya mwisho, Ekiru, alikuwa miezi nane na maziwa yangu ikakauka. Alikuwa analia bila sauti. Ndio hiyo gawio ikaingia. Ilinunua gunia moja ya mahindi na mikebe nne ya maziwa ya unga. Leo Ekiru anakimbiza mbuzi na fimbo.

Na mimi pia niko na hasira, wacha nikuambie. Hiyo mwaka malori ya unga ilikuwa inapita hapa Lodwar, moja nyuma ya ingine, inaenda kwenu Kakuma. Sisi tunasimama kando ya barabara na watoto, tunahesabu. Hii nchi ni ya nani? Wewe ndio ulikuwa unapima hiyo unga. Sasa unauliza ndama iko wapi. Mimi nauliza, sisi mlikuwa mnatuona?

Nimemaliza. Fanya yenye unataka na hisa zako.

Nangiro


Kakuma One,
11 Mei 2013

Kwa Mwalimu Ekwam na Nangiro,

Nawaandikia wote wawili ili barua hii isilale chini ya godoro. Mwalimu, mke wako ameniandikia. Ole wako umguse kwa neno. Amekutetea kuliko ulivyojitetea kwa kurasa zako zote za ng'ombe.

Nianze na Aluong. Tangu 2007 hajanijulia hali, lakini barua hii ameijibu siku ileile aliyoipata, na ameuliza jambo moja tu: zikiuzwa leo ni dola ngapi, kuna gari ameliona. Khalas. Hisa zinabaki kwa jina la Ekwam.

Fomu iliyomo ndani ni ya Chelangat. Kuanzia mwaka huu gawio litarudi kununua hisa bila kupita mkononi mwa mtu. Weka saini, na Nangiro aweke yake kama shahidi. La 2010 na la 2012 yalikuwa ndama, sibadilishi hilo. Redio si mtoto mwenye njaa, wala mchanga wa Lokichar. Utazirudisha hisa tatu, hisa zenyewe, si shilingi, kwa bei ya siku utakayonunua, maana ndama angekuwa ameshakua. Moja kwa mwaka inatosha. Mimi ni mtu wa 2026, sikimbizwi.

La 2011 lilikuwa maziwa. Sitaki kulisikia likitajwa tena nyumbani mwenu. Na neno mwizi nalirudisha. Ulikuwa mchungaji mbaya, lakini mwizi hukuwa.

Nangiro, umeniuliza kama tuliwaona. Tuliwaona. Wanawake wa Kiturkana walikuwa wanakuja uani tukishafunga, wanafagia unga uliomwagika pamoja na mchanga wake, na walinzi wanawafukuza kwa vibao. Mimi nilikuwa najifanya nasoma mizani. Sina la kujitetea. Hiyo hasira yako ni haki yako na sikwambii uipunguze.

Lakini yangu mimi haijaisha, Ekwam, na safari hii haihusu gawio.

Mwaka ule wa 2011 uliniandikia mara mbili. Nimezitoa barua zote mbili, ziko hapa mezani. Ya Juni inaniuliza kama Achol ameanza shule. Ya Septemba ni mambo ya mitihani na mwalimu mkuu mpya ambaye hampatani. Zote mbili zinaanza na maneno yaleyale: "Sisi huku wazima." Watu kumi na mbili kwenye vyumba viwili, mtoto analia bila sauti, na wewe unakaa chini, unachukua kalamu, unaniandikia mimi dada yako kwamba ninyi huko wazima!

Baba yake Achol alikuwa ameshakwenda Juba kutafuta cheo. Kadi yetu ya mgao ilikuwa bado ya watu watatu. Nilikuwa nina unga uliozidi kila baada ya wiki mbili, unga wangu, wa halali, umeshapimwa. Longor angeufikisha kwenu kabla ya saa sita mchana. Ungesema haitoshi, ningekwambia uza hisa kumi, uza ishirini. Mimi huyuhuyu niliyekuapia kwamba haiuzwi hata moja mpaka Achol akue, ningeuza siku hiyo bila kuuliza bei. Hukunipa nafasi. Uliona afadhali unile kimya kuliko uniombe. Mimi nani kwako, Ekwam? Tumekaa dawati moja miaka minne, mimi nani?

Mstari mmoja tu ungetosha. Uliandika mko wazima, nami nikakuamini, nikajitwika kiroba cha ule unga uliozidi nikaenda kukiuza sokoni.

Ayak